Mtoto Akichagua Kusomea Vitabu vya Kale

Ndugu msomaji, mzazi akiambiwa na mwanawe kwamba anataka kusomea udaktari, hufurahi na kuwatangazia majirani. Akiambiwa uhasibu, hutabasamu, kwani mshahara wa mhasibu anaujua. Lakini siku mtoto atakaposema kwamba moyo wake umependa vitabu vya kale, kwamba angependa kujifunza jinsi miswada na vitabu adimu vilivyoandikwa, vilivyochapwa, vilivyopotea na vinavyoweza kuokolewa, nyumba nzima hunyamaza. Baba huweka kikombe chini. Mama huuliza kwa upole: "Na baada ya hapo, mwanangu, utafanya kazi wapi?"

Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu aliyeanika dagaa, aliyelima pamba au aliyeuza ng'ombe ili ada ipatikane. Anayo haki ya kujibiwa kwa ukweli, bila kupambiwa maneno. Makala haya yanakusudia kumjibu, na kumwonyesha pia kwamba elimu hiyo anayoidhani ni ya watu wa mbali ina mizizi yake papa hapa katika mwambao wa Ziwa Victoria.

Tuanzie Nyegezi. Kwa mkazi wa Mwanza, Nyegezi ni stendi ya mabasi, ni samaki, na ni wanafunzi. Tangu 1960, kilipoanzishwa pale chuo cha mafunzo ya jamii, vijana wengi wamepita wakijifunza uandishi wa habari, uhasibu na utumishi wa jamii. Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kijana anayesoma Nyegezi leo anaweza kutazama ziwa akadhani kwamba mambo ya vitabu vya kale yako London, Roma au Cairo. Hajui kwamba ziwa hilohilo linalopiga miamba ya Nyegezi ndilo linalokizunguka kisiwa cha Ukerewe, ambako muswada mmoja ulisubiri miaka 35 kabla ya kuwa kitabu.

KITABU ADIMU NI KIPI?

Kabla hatujaufikia muswada huo, tuelewane juu ya maneno. Watu wengi hudhani kitabu adimu ni kitabu cha bei kubwa, chenye jalada la ngozi na maandishi ya dhahabu. Vipo vya namna hiyo, lakini sivyo vyote. Kitabu adimu ni kile ambacho nakala zake zimebaki chache, na ambacho zikipotea hizo chache, hakuna pa kukipata tena. Daftari la karani wa chama cha ushirika linaweza kuwa adimu. Kitabu cha sala kilichochapwa kwa Kisukuma miaka mingi iliyopita, kikauzwa kwa senti, kinaweza kuwa adimu kuliko kitabu kizito cha Ulaya kilichomo katika maktaba mia.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kitabu kinachouzwa dukani kikiungua, utanunua kingine. Muswada ulio peke yake ukiliwa na mchwa, umekwenda na kila alichokijua mwandishi wake.

MWANAFUNZI WA KAGUNGULI

Aniceti Kitereza alizaliwa 1896, mtu wa ukoo wa watemi wa Ukerewe. Akiwa mtoto alisoma katika misheni ya Kagunguli, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alisoma kwa miaka kumi. Huko alijifunza Kilatini na Kijerumani, pamoja na elimu nyingine waliyopewa waliotazamiwa kuwa mapadre. Hakuwa padre. Alirudi kwao, akaoa, akaishi kwa kazi za ukarani na za kufasiri maandiko.

Elimu ile ya kigeni ingeweza kumfanya aidharau lugha ya mama yake. Haikuwa hivyo. Kitereza aliona kwamba wazee wanaondoka na maarifa yao, akaamua kuyaandika kwa Kikerewe. Alitunga hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliokosa mtoto na kusimangwa na ndugu, hata siku walipojaliwa mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo aliweka kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa za miti, adabu za wakwe, ndoa na mazishi. Alimaliza kazi hiyo 1945.

Baada ya hapo ukaanza ungojaji. Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, alikuwa amemtia moyo, lakini mchapaji wa kuchukua kitabu kirefu hivyo katika lugha ya watu wachache hakupatikana. Miaka ilipita. Ukoloni ukaondoka, bendera ikabadilika, na muswada bado haujachapwa. Ndugu msomaji, fikiri juu ya jambo hili: Kitereza na mkewe Anna hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Hapakuwa na mwana wa kumwambia, "Utakapokua, litunze sanduku hili."

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria wa Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti wakamkuta mzee huyo. Wakamshauri aufasiri muswada wake kwa Kiswahili ili upate wasomaji wengi zaidi. Mzee wa zaidi ya miaka 70 akaketi, akaifasiri kazi yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki dunia.

Hadithi ya kitabu hicho haikuishia hapo. Kilifasiriwa kwa Kijerumani katika miaka ya 1990. Na mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na profesa, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika hakupitia Kiswahili. Aliurudia muswada wa Kikerewe, akafasiri kutoka kwenye chemchemi yenyewe. Aliweza kwa sababu mbili: muswada ulikuwapo, na yeye alikijua Kikerewe.

Mambo hayo mawili ndiyo moyo wa elimu tunayoizungumzia. Pawe na kitu kilichotunzwa, na pawe na mtu anayeweza kukisoma. Kimoja kikikosekana, kingine hakifai kitu.

KUSOMA KABLA YA KUSOMA MANENO

Mwanafunzi wa vitabu adimu hujifunza nini hasa? Hujifunza kukichunguza kitabu kama fundi wa mitumbwi anavyochunguza ubao: umetoka mti gani, umekatwa lini, umepigwa misumari mara ngapi.

Kwanza huitazama karatasi. Huiinua kwenye mwanga atafute alama iliyofichwa ndani yake tangu kiwandani. Miswada mingi ya herufi za Kiarabu iliandikwa juu ya karatasi zilizotengenezwa Ulaya, na alama ya miezi mitatu miandamo ni mojawapo ya zile zijulikanazo sana. Kwa alama kama hiyo, mchunguzi hukadiria karatasi ilitoka wapi na katika kipindi gani.

Pili, hutazama wino, mwandiko na mshono wa kurasa. Katika miswada ya kale ambayo kurasa hazikutiwa nambari, mwandishi aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mwanafunzi akiona neno la chini halilingani na neno la juu la ukurasa wa pili, hujua mara moja kwamba karatasi imepotea au imepangwa vibaya.

Tatu, huenda mwisho wa kitabu. Hapo ndipo waandishi wengi wa kale walipotaja majina yao na tarehe. Muswada wa Utendi wa Tambuka uliohifadhiwa Hamburg, Ujerumani, unataja mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya ushairi wetu wa Kiswahili. Barua za Kiswahili za kale zaidi zijulikanazo, ambazo kongwe yake ni ya 1711, zinahusu mambo ya Kilwa, nazo leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Mtanzania anayetaka kuzisoma zenyewe yampasa kuvuka bahari, na yampasa pia kujua kusoma Kiswahili katika herufi za Kiarabu.

Lipo na jambo moja la kushangaza ambalo kila familia ingefaa kulijua. Kitabu kipya zaidi si lazima kiwe kigumu zaidi. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, nazo hudumu karne nyingi. Karatasi nyingi za bei nafuu zilizokuja baadaye zimetengenezwa kwa unga wa miti, na ndani yake mna asidi inayozila polepole hadi zikawa za njano na kuvunjika kama kaukau. Kwa hiyo gazeti la miaka 50 iliyopita laweza kufa kabla ya muswada wa miaka 200. Vitabu vya shule vya babu yako, vilivyochapwa kwa karatasi rahisi, vinahitaji huruma ya haraka kuliko unavyodhani.

NJIA YA MASOMO

Sasa tumrudie kijana wetu. Njia yake inaanzia wapi?

Inaanzia nyumbani, katika lugha. Kijana wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya anayeona aibu kusema lugha ya bibi yake anaitupa sifa yake ya kwanza ya kazi hii. Profesa wa ng'ambo hutumia miaka kuitafuta sifa hiyo, na wakati mwingine huishia nusu njia.

Lugha ya pili hutegemea anataka kusoma nini. Anayependa maandishi ya pwani na Unguja hana budi kujifunza Kiarabu na herufi zake. Anayetaka kujua habari za mwambao wa ziwa atahitaji Kifaransa, jambo ambalo huwashangaza wengi. Sababu ni kwamba White Fathers, waliofungua kituo chao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, waliandika shajara za vituo vyao kwa Kifaransa, na vitabu vyao vya ubatizo kwa Kilatini. Naye anayetaka kuchimba majalada ya utawala wa kabla ya 1916 itampasa kujua Kijerumani na mwandiko wake wa kale.

Katika sekondari, asiyaache masomo ya historia na lugha, wala asiikimbie kemia. Kuokoa karatasi iliyoungua kwa asidi, kuondoa ukungu, kujua gundi ipi itaharibu na ipi itafaa, yote hayo ni kemia. Aidha, ujuzi wa kompyuta ni wa lazima siku hizi, kwa sababu miswada mingi hupigwa picha na kuhifadhiwa kwa dijitali. Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha kwa njia hiyo kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza unaoshughulikia hifadhi zilizo hatarini. Vitabu vyenyewe vilibaki kwa wenyewe, na wasomaji wa ulimwengu wakapata kuvisoma.

Baada ya sekondari, kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, kinachofundisha kazi za maktaba na nyaraka. Makerere, nchini Uganda, imefundisha ukutubi wa Afrika Mashariki tangu 1963. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina katika maktaba yake hazina ya vitabu vya Afrika Mashariki, pamoja na miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo orodha yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapwa 1970. Humo pia mna karatasi za Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni aliyeandika mengi juu ya sheria na mila za Wasukuma na Wahaya. Unguja kuna hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, yenye miswada ya Kiarabu.

Kijana akifika mbali zaidi, ulimwengu una shule za vitabu adimu tu. Mojawapo ilianzishwa 1983 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1992 ikahamia Chuo Kikuu cha Virginia. Kozi zake nyingi huchukua wiki moja, na wanafunzi hukaa na vitabu vyenyewe mezani, wakivigusa na kuvipima. Lakini asingoje safari. Mwenye macho na subira anaweza kuanza na kabati la parokia, la msikiti au la shule ya zamani, akiwa na ruhusa, daftari na penseli.

JE, KAZI IPO?

Tumjibu mama aliyeuliza. Kazi ipo, lakini haiko nyingi, na atakayekuambia kwamba mwanao atatajirika kwa vitabu vya kale anakudanganya. Wanaoajiri ni maktaba, vyuo vikuu, makumbusho, hifadhi za nyaraka za serikali, mahakama, na mashirika ya dini. Nafasi hutangazwa chache na waombaji huwa wengi.

Kwa sababu hiyo, kijana mwenye busara huifunga elimu hii pamoja na nyingine. Anaweza kuwa mwalimu wa historia anayejua miswada, mkutubi anayejua kemia ya karatasi, au fundi wa kompyuta anayejua kusoma mwandiko wa kale. Mtu wa namna hiyo hakai bila shughuli, kwa kuwa ofisi nyingi zina vyumba vilivyojaa majalada yasiyojulikana yaliyomo, na siku mgogoro wa kiwanja au wa mirathi unapofika mahakamani, ndipo wote wanapomtafuta mtu wa kuyafungua.

Mzazi naye apime jambo kwa mizani yake yote. Mshahara ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba kazi hii isipofanywa na watoto wetu, itafanywa na wengine kwa macho yao, au haitafanywa na mtu yeyote. Ukerewe ilingoja mgeni afike ndipo muswada wa mzee wao uanze safari ya kuchapwa. Tunamshukuru mgeni huyo. Lakini si vizuri kila muswada ungoje bahati ya mgeni.

SANDUKU LA BABU

Hata kama hakuna mtoto nyumbani kwako anayetaka kazi hii, wewe mwenyewe unaweza kuwa na kitabu adimu chini ya kitanda. Huenda ni daftari la babu aliyekuwa karani wa mtemi, au cheti cha ubatizo, au barua za kaka aliyekwenda vitani. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Usiviweke sakafuni wala usivibananishe na ukuta, kwa kuwa mchwa na unyevu huanzia huko. Tafuta sanduku safi, uliweke mahali pakavu pasipopigwa na jua, ulifungue na kulikagua kila baada ya miezi michache. Karatasi iliyopasuka usiibandike kwa utepe wa gundi wa dukani, kwani gundi yake hugeuka rangi na kuiharibu zaidi. Iweke tu ndani ya bahasha safi. Usiitie ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho, maana ikishaingia humo haitoki salama. Unapoishika, mikono iwe mikavu na safi. Nyuma ya picha andika kwa penseli majina ya walioonekana, kabla bibi aliye peke yake anayewajua hajaondoka.

Kisha uliza kabla ya kutupa. Nenda maktaba ya mkoa, makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, au ofisi ya nyaraka, ukawaonyeshe ulichonacho. Si lazima uwaachie. Waweza kuwaruhusu wapige picha, ukarudi na mali yako. Na mgeni akija na fedha mkononi akitaka kununua daftari la ukoo, mwambie asubiri mpaka ukoo uketi.

Ndugu msomaji, katika masoko yetu karanga bado hufungwa kwa karatasi kuukuu, na mara nyingine karatasi hiyo huwa na mwandiko mzuri wa mtu aliyejitahidi. Muuzaji hana kosa. Ameuziwa kwa kilo na watu waliosafisha nyumba baada ya msiba. Kosa liko kwetu sisi tusiofungua sanduku tukasoma kabla ya kulitoa nje. Mwanao akikuambia kwamba anataka kujifunza kulifungua sanduku hilo, mwulize maswali yote magumu ya ada na ya kazi, kama ilivyo haki yako. Kisha mpe ufunguo.